Kwa Nini Uyoga Huuzwa Ukiwa na Udongo Mguuni

Zamani zile, kabla uyoga haujajifunza kuua, mtu yeyote aliweza kuingia msituni akiwa amefumba macho, akachuma alichokipapasa, akapika, akala, akalala usingizi mzuri. Hapakuwa na uyoga wa kuogopwa. Ulikuwepo mweupe, wa manjano, wa rangi ya kutu. Mwingine mpana kama ungo, mwingine mdogo kama kifungo. Wote ulikuwa chakula.

Naanza na hilo kwa sababu wako wanaodhani dunia ilianza na sumu, na kwamba bibi zetu walikuwa wakifa mmoja mmoja mpaka waliobaki wakajua cha kula na cha kuacha. Nimelisikia likisemwa na watu waliosoma, tena kwa sauti ya kujiamini. Kwetu kwenye misitu ya miombo hatusimulii hivyo. Bibi zetu hawakuwa watu wa kubahatisha. Kaeni niwaeleze kama nilivyoelezwa na wao wenyewe, mikono yao ikiwa ndani ya kikapu, na mwenye kubisha abishe mwishoni, si katikati.

Katika nchi ya Ipembe, ambako miti ya mitundu na mininga ilisimama mpaka macho yakachoka kuifuata, mwaka uligawanyika mara mbili. Kulikuwa na kiangazi, wakati wa asali. Wanaume walipanda mitini, wakashusha mizinga, wakarudi na vilindo, yale makopo makubwa ya magome ya miti, yakiwa yamejaa hadi juu, na kijiji kizima kikawapokea kwa ngoma. Kila kilindo kilitajwa barazani kwa jina la mwenyewe. Kisha kulikuwa na masika, wakati mtama ukiwa bado mbichi shambani na maghala yamebaki na vumbi. Hapo ndipo nchi nzima iliishi kwa uyoga. Miezi mitatu, ugali mwembamba kwa uyoga uliotiwa karanga, na siku ambayo hata ugali haukuwepo, uyoga mtupu.

Na huo uyoga uliletwa na nani? Na wanawake. Walitoka alfajiri na vikapu, wakarudi jua likiwa utosini, viuno vinauma, nguo zimelowa umande hadi magotini. Hakuna ngoma iliyopigwa. Hakuna kikapu kilichotajwa barazani. Mtu akiuliza wanawake wako wapi, alijibiwa, "Wameenda kuokota." Kuokota! Kama kuku anavyookota punje.

Lakini wanawake wale walikuwa na namna yao ya kufanya kazi, na hakuna aliyewalazimisha kuifuata. Mwanamke wa Ipembe hakukata uyoga. Alipiga goti, akaingiza vidole viwili kwenye udongo pembeni mwa shina, akapapasa mpaka akafika chini kabisa unapoanzia mguu, akauinua mzima, polepole, kama anayemtoa mtoto kitandani bila kumwamsha. Kisha alikung'uta kofia juu ya shimo mpaka ule unga mwembamba wa ndani yake ukaanguka, na mwisho akalifukia shimo kwa kiganja.

Mkubwa wao katika kazi hiyo alikuwa Kalunde, mjane mwenye vidole vilivyopinda kwa umri na ulimi ambao haukupinda hata kidogo. Mwaka mmoja mwanawe alikuwa ameoa msichana wa ng'ambo ya mto, jina lake Nyamizi, na siku ya kwanza msituni Nyamizi alimwuliza mama mkwe wake, aliyemwita mayo, yaani mama, "Mayo, kwa nini tunafukia mashimo? Tunamficha nani?"

"Hatumfichi mtu. Tunafunga mlango wa mwenye nyumba. Wewe ukiingia kwa mtu, ukapewa chakula, unaondoka na kumwachia mlango wazi?"

"Na huo unga?"

"Mbegu yake hiyo. Umekula, mrudishie mbegu. Hukufundishwa kwenu?"

"Kwetu nilifundishwa kuuliza," alisema Nyamizi, na Kalunde akacheka mpaka akashika mti, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akiomba apate mkwe mwenye mdomo.

Mwenye nyumba huyo aliitwa Mama wa Vichuguu. Ndiye mama wa mchwa wote, mnene, mweupe, asiye na macho, aliyekaa chini kabisa ya kichuguu kikubwa cha bonde la Ipembe na hakuwahi kutoka tangu siku alipoingia. Uyoga ulikuwa shamba lake. Aliulima gizani, na mvua ziliponyesha aliupandisha juu uliozidi, ili na watu wapate. Kwa kuwa hakuwa na macho, aliwajua watu kwa mikono yao tu, na mikono ya wanawake wa Ipembe aliijua mmoja baada ya mwingine, kama sisi tunavyojua sauti za majirani.

Basi mwaka uleule mvua ziliwahi, na uyoga ukaota kwa wingi ambao hata Kalunde hakuwahi kuuona. Ndipo Msagata, mnyampara wa Mtemi Kapela, mtu hodari wa mizinga na hodari zaidi wa maneno, aliposimama barazani.

"Mtemi wetu," alisema, "wake zetu wanashinda msituni kutwa nzima kwa kazi ambayo mtu mwenye kisu angeimaliza kabla umande haujakauka. Wanapiga magoti! Wanafukia vishimo! Nimewaona kwa macho yangu haya, wanafunika udongo kama paka. Tupe sisi siku tatu, na visu vyetu, na vilindo vyetu, na nchi itashiba hadi mavuno. Kuokota kunataka ufundi gani?"

Baraza lilicheka kwa ajili ya yule paka. Mtemi Kapela naye alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekula uyoga tangu utoto wake bila kuuliza umefikaje kwenye bakuli. Akakubali. Wanawake hawakuulizwa, kwa sababu saa ile walikuwa msituni wanatafuta chakula cha jioni cha baraza hilohilo.

Wanaume walikata kwa siku tatu. Walipita wima, kisu mkononi, wakikata shingo moja baada ya nyingine bila kuinama sana, na miguu ya uyoga ikabaki ardhini maelfu kwa maelfu, imekodoa juu. Hakuna aliyekung'uta kofia. Hakuna aliyefukia kitu. Palipokuwa na kichuguu njiani walikivunja wapite, na kwenye kile kikubwa cha bondeni walichimba ubavu mzima wakitafuta kumbikumbi wa kukaanga. Vilindo vilijaa, vikapangwa uani kwa Mtemi mpaka ukuta haukuonekana, na kwa mara ya kwanza tangu nchi iwepo, uyoga ulipigiwa ngoma.

Kalunde alisimama ukingoni mwa msitu, akatazama. "Wameacha milango yote wazi," alisema.

Chini ya ardhi Mama wa Vichuguu alisubiri mikono anayoijua. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa baridi na chembamba, kikapita shingoni mwa shamba lake lote, kisha kikaja kwenye ubavu wa nyumba yake. Usiku wa tatu alikusanya uchungu wote aliokuwa nao, akauyeyusha kwenye shamba. Uchungu ule ulitambaa kwenye zile nyuzi nyeupe unazoziona ukifukua majani yaliyooza, ukapita mzizi kwa mzizi, mtundu kwa mtundu, mpaka bonde la pili. Haukuingia kwenye kila uyoga. Uliingia huu, ukauruka ule. Na kwa sura hakuna kilichobadilika. Asubuhi ya nne wanaume waliingia tena kidogo, wajaze vilindo vya mwisho, na hivyo ndivyo vilivyopikwa kwanza.

Watu walikula wakashiba. Siku hiyo hakuna aliyeumwa. Kesho yake jioni matumbo yalianza kukata, keshokutwa wengine wakasema wamepata nafuu, na siku iliyofuata walikufa watu tisa. Miongoni mwao alikuwa mdogo wake Msagata, tumbo moja, na mjukuu wa Mtemi, mtoto aliyekuwa hajamaliza kung'oa meno ya kwanza.

Mnajua yanayofuata, maana hata leo hayajabadilika sana. Watu wakiwa na msiba mkubwa hutafuta mtu, na mtu huyo akiwa mwanamke mzee asiye na mume, utafutaji huisha mapema. Msagata, macho yamevimba kwa kulia, alisema barazani, "Tulikata mboga, tukaleta mboga. Iliyogeuka sumu imegeuzwa. Nani alikuwa na kinyongo na sisi? Nani alisimama kando ya msitu akatutazama, asitoe hata pole ya kazi?"

Vichwa vyote viligeuka kwa Kalunde.

Mtemi Kapela, ambaye mikono yake ilikuwa bado na udongo wa kaburi, alitoa hukumu. Baada ya siku sita chungu kitapikwa kutoka kwenye vilindo vilivyobaki, na Kalunde atakula mbele ya watu. Asipodhurika, itajulikana kwamba sumu inamtii. Akifa, itajulikana kwamba sumu imemrudia. Akikataa, atafukuzwa nchini, na hakuna mwanamke wa Ipembe atakayekanyaga tena msituni na kikapu.

Hebu iangalieni hukumu hiyo vizuri. Milango mitatu, na yote inatoka nje.

Nyamizi aliiona palepale. Alisimama, na mumewe akamvuta nguo akae, naye akaikung'uta nguo. "Mtemi," alisema, "nimesikia namna tatu za mayo kuwa na hatia. Naomba nitajiwe moja ya kutokuwa nayo."

"Mwali huyu ana mdomo," alisema mzee mmoja.

"Ninao," alisema Nyamizi. "Mtemi, zile siku sita ni za kwetu au za chungu?"

"Ni zenu," alisema Mtemi Kapela, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Zitumieni mnavyoweza."

Kesho yake, jua likiwa kali, Nyamizi alishuka bondeni peke yake. Alipiga goti penye ule ubavu uliovunjwa, akaingiza mkono wake shimoni mpaka begani, kiganja kikiwa juu, akauacha hapo. Mchwa askari waliung'ata mpaka damu ikatoka. Hakuuondoa.

"Huu ni mkono mgeni kidogo," sauti ilisema kutoka chini. "Lakini umefundishwa na ule uliopinda."

"Mimi ni mkwe wake. Mama, nimekuja kukushtaki."

Chini kulitikisika, pengine kilikuwa kicheko. "Mimi? Mmenikatia shamba lote shingo, mmenibomolea ukuta, halafu unanishtaki mimi?"

"Waliokukosea wana visu. Uliowaua wengi wao hawakuwa hata na meno ya kutosha kutafuna. Mtoto wa miaka sita alikukata kwa kisu gani? Na mayo wangu, aliyekufungia mlango miaka arobaini, siku chache zijazo atalishwa sumu yako kwa sababu ya kosa la mtu aliyemcheka kwa kukufungia mlango. Ukisema hiyo ni haki, niambie, nitaondoa mkono wangu na sitarudi."

Mchwa waliacha kung'ata.

"Mimi sina macho," alisema Mama wa Vichuguu. "Nilihisi visu tu. Sikuhisi watoto." Kisha akasema, "Ile sumu siwezi kuirudisha. Imeshashika mizizi mabonde mawili. Niombe kingine."

"Tia alama. Uyoga wenye sumu upake rangi nyekundu kichwani, kila mtu aione kwa mbali."

"Kila mtu? Pamoja na yule mwenye maneno? Kesho ataitangaza barazani, 'Acheni mwekundu, kateni mweupe,' na keshokutwa visu vitarudi shingoni mwangu. Hapana."

Nyamizi alifikiri. Kule kwao alikuwa ameshazoea kushindwa hoja moja ili ashinde iliyo nyuma yake. "Basi iweke alama mahali ambapo kisu hakifiki," alisema. "Iweke chini, kwenye udongo, kwenye mguu. Anayepiga goti aione. Anayepita wima asiione."

Safari hii kicheko kilisikika wazi. "Uliopinda umepata mkwe," alisema Mama wa Vichuguu. "Uyoga wenye sumu nitauvika kikombe mguuni, ardhini. Mwingine nitauvika na pete shingoni. Nitaivika hata ile miguu yenye sumu waliyoiacha imekodoa. Lakini sitaweka alama moja tu. Alama moja hubebwa mdomoni na mtu ambaye hajawahi kuja kwangu. Kwa hiyo nitauvika kikombe hata uyoga fulani ulio mzuri, na sumu nyingine nitaiacha bila kikombe. Nitatawanya: kwenye harufu, kwenye rangi ya mikunjo ya ndani ya kofia, kwenye maziwa yanayotoka ukivunja, kwenye mti unaousimamia. Sitakutajia. Njooni mjue kwa mikono yenu."

"Siku zilizobaki ni tano."

"Basi unakaa hapa kwa nini?"

Siku tano hizo wanawake wote wa Ipembe waliingia msituni, wenye mimba na wenye watoto mgongoni, na Kalunde mbele. Hawakula uyoga hata mmoja. Walikula mlenda na mizizi, wakakaa na njaa. Walifukua miguu iliyoachwa na visu, wakaipanga kwenye majani, wakainusa, wakaipasua, wakalinganisha na uyoga mzima uliosimama jirani yake. Walitazama wadudu gani wanakaa wapi na mti gani uko juu. Kila aina waliipa jina lake, na kila jina lilirudiwa mpaka msichana mdogo kuliko wote akaweza kulitaja akiwa amegeuziwa mgongo. Wasiokubaliana walibishana mpaka wakakubaliana. Na palipokuwa na aina ambayo hawakuielewa, Kalunde aliushika uyoga ule, akaugeuza, akasema, "Sijui," akautupa. Neno hilo alilisema mara nyingi kuliko yote, tena kwa sauti kubwa, ili wote walizoee.

Siku ya sita ikafika. Baraza lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya maghala. Chungu kilikuwa jikoni, kinachemka. Kalunde alikuja amevaa nguo yake ya harusi, iliyochakaa, kikapu mkononi, Nyamizi nyuma yake na kikapu kingine kilichofunikwa kwa majani.

Msagata alipakua bakuli, akamnyooshea. "Kula, mama."

Kalunde alilichungulia lile bakuli. Akaokota kipande kwa vidole viwili, akakigeuza huku na huku, akakirudisha.

"Sili," alisema. "Hauna mguu. Sijui ni nani huyu."

Watu waliguna kama upepo. Amekataa! Msagata alimgeukia Mtemi, mikono juu, kama mtu aliyemaliza kazi. Na hapo Nyamizi akafunua kikapu chake, akakimwaga miguuni pa Mtemi.

Ilikuwa miguu ya uyoga, miguu mitupu, mamia, kila mmoja umevaa kikombe chake cheupe na udongo umeushika.

"Mtemi, hii ndiyo sehemu ya mboga ambayo hukuletewa," alisema Nyamizi. "Ilibaki ardhini. Tazama kikombe hiki. Ni kiatu cha sumu. Sasa tazama juu, palipokatwa. Kuna mstari uliosimama katikati ya kila mkato wa hii tuliyoichagua. Kisu gani cha Ipembe kina pengo katikati ya makali?"

Kisu cha Msagata kilipata pengo kwenye mfupa wa ng'ombe siku ya harusi ya Nyamizi mwenyewe, na watu walimcheka wiki nzima.

"Sisemi aliua kwa kutaka," aliendelea Nyamizi. "Nasema mkono wa mayo haukugusa hata mmoja wa hii. Mnasema tulipeleka sumu kwenye vilindo vyenu. Nani alituonyesha vilindo? Tulikuwa hatuna ruhusa hata ya kuvibeba. Kama kuna mtu ana jibu, alitoe sasa, nami nitakaa chini."

Alisubiri. Akakaa.

Msagata alikuwa amepiga goti, nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ameushika mguu mmoja wa uyoga kiganjani. Alikuwa anautazama ule mstari. "Mdogo wangu," alisema. "Nilimpakulia mimi mwenyewe."

Kalunde angeweza kumcheka. Angeweza kumtajia paka. Lakini aliweka kiganja chake kilichopinda kichwani pake, akasema, "Inuka, baba. Uende ukafunge milango." Na Msagata alikwenda, na mpaka masika yalipokwisha alikuwa msituni kila siku, magoti chini, akifukia mashimo kwa mikono, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Kisha Kalunde alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwamuru. Alikimwaga chungu cha Mtemi shimoni, akaomba kingine kisafi, maji, na karanga. Akatoa uyoga kwenye kikapu chake, mmoja mmoja, mguu na udongo wake, akautaja kila mmoja kwa jina mbele ya watu: jina, mti wake, harufu yake, mguu wake. Ndipo kwa mara ya kwanza baraza la Ipembe lilipotajiwa kikapu. Alipopika na harufu kuenea, Mtemi Kapela, ambaye alikuwa hajala vizuri tangu kaburi la mjukuu wake, alinyoosha mkono kwenye bakuli.

Kalunde aliupiga ule mkono. Paa! Mkono wa Mtemi!

"Aliyechuma kwanza," alisema.

Akala. Alikula bakuli zima, bila haraka, akalamba vidole. Na kwa kuwa sumu ile haina papara, aliagiza mkeka, akalala palepale barazani siku mbili mchana na usiku, watu wamemzunguka wanahesabu pumzi. Alikoroma sana. Asubuhi ya tatu aliketi, akaangalia umati, akauliza, "Karanga zimebaki?"

Ngoma iliyopigwa siku hiyo, asali haijawahi kupigiwa.

Mtemi alimwambia achague zawadi: ng'ombe, ghala la mtama, chochote. Kalunde alisema hataki ng'ombe. "Nataka neno moja liheshimiwe," alisema. "Mwenye kikapu akisema 'sijui', uyoga utupwe, na asibishiwe na mtu yeyote. Hata na wewe, Mtemi."

Mtemi Kapela alifungua mdomo. Watu wanasema alitaka kuuliza, na kama ni uyoga mkubwa, mzuri, wakati wa njaa? Kisha akaitazama ile miguu iliyotawanyika mbele yake, akaufunga mdomo wake.

Na tangu siku hiyo uyoga wetu wa miombo umekuwa wa namna mbili, unaolisha na unaoua, na mara nyingi husimama bega kwa bega chini ya mti mmoja. Tangu siku hiyo hatuukati shingo. Tunauinua na mguu, tunakung'uta, tunafukia. Aliyeuchuma ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya watoto na wageni wake, na hiyo si adhabu tena, ni kiti cha heshima. Ujuzi wenyewe hauko kwenye alama moja ya kukariri ukiwa umekaa. Upo kwenye kutembea nyuma ya anayejua, mvua baada ya mvua, mpaka mikono yako ifahamike chini kule.

Kwa hiyo ukipita barabarani masika haya, ukawakuta mama zetu wameupanga uyoga kwenye majani na udongo bado mguuni, usiwaambie wausafishe kwanza. Mguu ule wamekuwekea wewe, uutazame. Usiwaulize wamesoma wapi. Na ukimwona mmoja anaushika uyoga mkubwa, mweupe, mnene, ambao wewe ungeulipia bila kupunguziwa, anaugeuza mara mbili, anasema, "Sijui," anautupa vichakani, nyamaza. Mtemi Kapela alinyamaza, sembuse wewe.